Jumamosi nitachezesha mechi ya watu wazima kwa mara ya kwanza: naombeni ushauri

Kipenga wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika habari za leo.

Nina umri wa miaka 23, na tangu nimalize kozi ya awali ya waamuzi miaka miwili iliyopita nimekuwa nikichezesha mechi za watoto wa shule za msingi na za vijana wasiozidi miaka 15 hapa Tanga mjini. Jumamosi hii, saa kumi alasiri, nimeombwa nisimame katikati kwenye mechi ya kirafiki kati ya maveterani wa mtaa wetu na timu ya vijana wa Ngamiani.

Sheria zote 17 nimezisoma na ninazirudia kila usiku. Ninaloliogopa ni watu. Beki wa kati wa maveterani ni mwalimu aliyenifundisha darasa la tano, ambaye hadi leo nikikutana naye njiani mimi husimama kwanza ndipo nimwamkie. Kiungo wao ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Pembezoni mwa uwanja watakuwepo wazee waliokuwa wakienda uwanja wa Mkwakwani tangu enzi ambazo timu yetu ya Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, kabla mimi sijazaliwa, na kila mmoja wao anajua kuotea ni nini. Mtoto nikimpulizia faulo hunitazama, akarudi nyuma, mpira ukaendelea. Hawa sijui watanitazamaje.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Nitamwonyaje mtu ninayempa shikamoo bila kumvunjia heshima na bila kuivunja sheria? Je, nikatae kuchezesha kwa sababu ya mjomba? Na kwa kuwa hakuna waamuzi wasaidizi, kila timu itatoa mshika kibendera wake. Niwaamini kwa kiasi gani?

Mzee wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Nilichezesha mpira mkoani hapa kwa miaka kumi na tisa, kwanza nikiwa na kibendera na baadaye katikati, na hofu yako naifahamu, kwa kuwa mechi yangu ya kwanza ya watu wazima baba yangu mdogo alikuwa langoni.

Salamu zako zote zitoe kabla ya kurusha sarafu. Fika uwanjani mapema, mfuate mwalimu wako alipo umwamkie kama ulivyozoea, kisha wafuate na wakubwa wa upande wa Ngamiani uwaamkie vilevile, ili isionekane kwamba wakubwa zako wako upande mmoja tu. Kipenga cha kwanza kikishalia, mwalimu ni namba ya jezi yake. Ukimwita "mwalimu" katikati ya mchezo, vijana wa Ngamiani watajua mara moja ni nani mwenye kauli kati yenu wawili. Sema "namba nne", kwa sauti ile ile utakayoitumia kwa kijana wa miaka kumi na tisa, au zungumza kupitia nahodha.

Kuhusu kuonya, naomba uizingatie historia ya kadi, kwa sababu inakuhusu moja kwa moja. Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Meksiko, refa alionya kwa maneno. Katika robo fainali ya mwaka 1966 kati ya Uingereza na Argentina maneno hayo yalileta mkanganyiko mkubwa, hata haikueleweka vizuri ni nani ameonywa, na ndipo mwamuzi wa Kiingereza Ken Aston, aliyekuwa akiwasimamia waamuzi, alipopata wazo la rangi kutokana na taa za barabarani. Kwa hiyo kadi ilibuniwa ili refa asilazimike kubishana na mtu, na kwa kijana anayepaswa kumwonya mkubwa wake hiyo ni neema kubwa. Hukaripii, hunyooshi kidole, hupandishi sauti. Simama hatua tatu mbali naye, inua kadi, andika namba, rudi mahali pako. Niliwahi kumwona refa kijana akimpelekea mzee kadi hadi karibu na pua, na ugomvi uliofuata haukuhusu faulo tena. Ulihusu mkono ule.

Washika vibendera wa timu wape kazi moja tu, nayo ni kuonyesha mpira uliotoka nje. Waambie hivyo mbele ya manahodha wote wawili. Kuotea utaamua wewe mwenyewe, na ndiyo sababu utakimbia sana: kata uwanja kwa mshazari, kaa pembeni kidogo ya mchezo badala ya kuufuata kwa nyuma, ili uwaone mshambuliaji na beki wakiwa na nafasi kati yao. Usipokuwa na uhakika kwamba ameotea, acha mpira uendelee. Na kumbuka kwamba hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, mpira wa kona wala mpira wa goli, kwani jambo hilo hupigiwa kelele na watu wazima kila wiki.

Kuhusu mjomba, hii ni mechi ya kirafiki. Waambie manahodha kabla ya kuanza, wakikubali, chezesha.

Dada wa Kibendera

Shikamoo mzee wa Chumbageni. Nakubaliana na yote uliyoyaeleza isipokuwa hilo la mwisho, na naomba radhi kwa kutofautiana nawe.

Mimi ni mwamuzi msaidizi katika ligi za hapa. Mdogo wangu, ukimwambia nahodha wa Ngamiani habari ya mjomba wako pale uwanjani, wachezaji wamekwisha kuvaa na watu wamejaa pembeni, atakubali hata kama moyoni hataki, kwa sababu sisi watu wa pwani tunaona haya kumkataa mtu mbele ya hadhara. Halafu dakika ya sabini, timu yake ikifungwa, ndipo utakapolisikia jibu lake la kweli. Mpigie simu leo au kesho, akiwa nyumbani kwake peke yake, umweleze, na umwambie waziwazi kwamba akitaka refa mwingine hutaona vibaya. Ukubali wake ukiupata namna hiyo utakuwa na maana.

Jambo la pili ni muda, ambalo waamuzi wapya hulisahau. Vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 15 vinafanya saa moja na dakika 45, bila kuhesabu dakika za nyongeza. Mechi za mtaani zinazotangazwa saa kumi mara nyingi huanza saa kumi na nusu, na hapo utamaliza magharibi imekwisha kuingia, watu wakitazama saa kwa ajili ya swala na wewe ukiutafuta mpira gizani. Sheria inaruhusu vipindi vipunguzwe katika mechi kama hii, ilimradi viwe sawa na makubaliano yafanyike kabla ya kuanza. Dakika 40 kwa 40 zinawatosha maveterani. Joto la Tanga nalo unalijua: panga mapumziko ya kupoza mwili katikati ya kila kipindi, ambayo huwa kati ya sekunde 90 na dakika tatu, na uyatangaze mapema ili asitokee mtu wa kudai kwamba umeukata mchezo timu yake ikiwa inashambulia.

Kagua pia pete, mikufu na hirizi za mikononi. Kuvifunga kwa plasta hakutoshi; vivuliwe. Mtu mzima atakwambia pete ya ndoa haitoki. Mpe sabuni na maji, na usubiri.

Beki Mstaafu

Nazungumza kama mchezaji wa timu ya maveterani, ingawa si hiyo ya mtaa wenu. Ugomvi wetu mwingi na marefa vijana unatokana na sheria zilizobadilika baada ya sisi kuacha kucheza mpira wa ushindani, na hakuna aliyetukalisha chini akatueleza. Wengi wetu bado tunaamini kwamba mpira wa kuanza lazima uende mbele, ilhali tangu mwaka 2016 unaweza kupigwa upande wowote. Tunaamini kwamba mpira wa goli ni lazima utoke kwenye eneo la penalti kwanza, na hilo liliondolewa mwaka 2019. Mwaka huo huo ilikubaliwa kwamba mpira ukimgusa refa na timu nyingine ikaupata, mchezo usimamishwe na mpira udondoshwe. Kuhusu kipa kushikilia mpira, kikomo sasa ni sekunde nane, refa anazihesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na adhabu yake ni kona. Hilo nina hakika nusu ya timu yangu hawajalisikia.

Chukua dakika mbili kabla ya mchezo uyaseme haya kwa timu zote mbili. Mzee aliyeelezwa mapema hatajiona amedhalilishwa akipuliziwa.

Kipenga wa Makorora

Nimerudi kuwapa mrejesho, kama adabu inavyotaka.

Nahodha wa Ngamiani nilimpigia simu siku ya Alhamisi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mjomba ninaishi naye nyumba moja, nikamjibu kwamba hapana, akasema nichezeshe. Nakushukuru sana, dada. Tulikubaliana dakika 40 kwa 40, na mchezo ulianza saa kumi na dakika ishirini.

Dakika ya 31 kijana wa Ngamiani alimpita mwalimu wangu, akawa anaelekea eneo la hatari huku beki mwingine akija kuziba, na mwalimu akamshika jezi. Kupuliza nilipuliza, lakini mkono ulikuwa mzito kuingia mfukoni. Nilisimama hatua tatu mbali, kama mzee alivyoelekeza, nikainua kadi ya njano, nikaandika namba nne. Mwalimu hakusema neno. Maneno yalitoka kwa mjomba, na ilinibidi nimwite nahodha wake ili amtulize.

Kosa langu kubwa lilikuja kipindi cha pili. Kijana alichezewa vibaya katikati ya uwanja, mpira ukamfikia mwenzake aliyekuwa peke yake mbele ya kipa, nami nikapuliza papo hapo. Kwa watoto nimezoea kupuliza haraka kwa sababu mtoto akianguka mchezo mzima husimama. Hapa nilipaswa kungoja sekunde mbili tu nione faida inakokwenda. Vijana walilalamika, na walikuwa na haki. Mechi iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na bao lile walilonyimwa ndilo lingewapa ushindi.

Baada ya mchezo nilimfuata nahodha wa Ngamiani, nikamwambia kwamba nilipuliza mapema mno. Kisha nikaenda kumwamkia tena mwalimu. Aliitikia, akaniuliza kwa nini katika kipindi cha kwanza sikuita kuotea kwa bao walilofungwa, nikamweleza kwamba mpira ulitokana na mpira wa kurusha. Akaomba nimchoree. Tulichuchumaa tukachora mchangani kwa kijiti, yeye akiuliza na mimi nikijibu, hadi adhana ya magharibi ikatukuta hapo.