Ulinganisho: njia za kuondoa mvumo kwenye spika za studio zenye amplifaya ndani

SautiSafi

Wakuu, habarini. Kila swali la mvumo wa monita (hizi spika za studio) likiulizwa, jibu huwa la mkato: nunua kifaa fulani. Naomba tulinganishe njia zenyewe, maana kila moja inafanya kazi kwa tatizo moja tu. Zinazotajwa sana ni tano: kebo za balansi, transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, kitenganishi cha USB, kisafisha umeme, na kufungua spika kubadilisha kapasita.

Kabla ya pesa kutoka, kuna kipimo cha bure. Chomoa kebo zote za sauti, spika ibaki na waya wa umeme tu, volyumu iwe pale inapokaa siku zote. Kelele ikibaki, tatizo liko ndani ya spika au kwenye umeme wenyewe, na hakuna kebo itakayosaidia. Ikiisha, rudisha kebo kwenye intafesi (kifaa cha sauti kilicho kati ya kompyuta na spika) huku USB ikiwa imechomolewa. Kisha unganisha USB na laptopu ikitumia betri. Mwisho kabisa chomeka chaja. Hatua ambayo kelele inarudi ndiyo inakuonyesha mlango inapoingilia.

Angalizo: usipime kwa kuacha kebo ikining'inia, upande mmoja kwenye spika na mwingine hewani. Waya usiounganishwa hudaka mvumo wa umeme uliopo chumbani na utakudanganya. Tumia plagi ya TRS (jeki yenye sehemu tatu) ambayo ncha, pete na shina vimeunganishwa pamoja. Ukiichomeka, ingizo la spika linakuwa limezibwa kabisa.

Pini3

Mimi naanza na kebo za balansi, kwa sababu hapo ndipo tatizo la wengi linapoishia. Spika ina ethi (waya wa usalama wa ardhini), kompyuta ina ethi, na wavu wa kebo (waya wa kusuka unaozunguka nyaya za ndani) unaziunganisha mara ya pili. Hicho ndicho kitanzi cha ethi. Mkondo mdogo unapita kwenye wavu, na kwenye kebo ya RCA au TS (zenye waya mmoja wa ndani) wavu huohuo ndio njia ya kurudishia sauti. Volti inayozaliwa humo inajumlishwa moja kwa moja kwenye muziki.

Kwenye balansi, spika inasoma tofauti kati ya nyaya mbili za ndani. Kelele iliyoingia sawasawa kwenye zote mbili inafutwa, na wavu haubebi sauti tena. Kwa XLR (plagi ya pini tatu): pini 1 wavu, pini 2 chanya, pini 3 hasi.

Kuna mtego mmoja. Tundu la hedifoni nalo lina umbo la TRS lakini si balansi, lina kushoto na kulia. Ukilipeleka kwenye ingizo la balansi, spika itatoa tofauti ya kushoto na kulia: sauti ya mwimbaji iliyo katikati inapotea na kinachobaki ni mwangwi na vyombo vya pembeni. Watu hudhani spika imeharibika.

Kama chanzo kina RCA tu, usitumie adapta. Chukua kebo ya nyaya mbili na wavu. Ncha ya RCA iende pini 2, mwili wa RCA uende pini 3 kwa waya wake wenyewe, wavu uunganishwe na pini 1 upande wa spika. Upande wa RCA acha wavu bila kuunganishwa, ukiufunika vizuri usiguse kitu. Hapo ingizo la spika linapima chanzo kuanzia kwenye mwili wa RCA, na kitanzi kimekatika.

Desibeli_Moja

Nakubali, ila hilo la kuacha wavu wazi linafaa pale chanzo kina ethi yake. Kifaa kisicho na ethi, mfano kicheza muziki chenye chaja ya pini mbili, kikiachwa hivyo kinaelea na mlio unaweza kuongezeka. Hapo unganisha wavu pande zote mbili. Na kama kuacha wazi kunaleta redio kwenye spika, weka kapasita ya seramiki ya 10 nF kati ya wavu na mwili wa RCA. Masafa ya redio yanapata njia, mvumo wa umeme wa 50 Hz haupati.

Suala la viwango pia lisisahaulike. Toleo la +4 dBu (kiwango cha vifaa vya studio) ni kama volti 1.23, la -10 dBV (cha vifaa vya nyumbani) ni kama 0.316. Tofauti ni karibu dB 12. Mtu anayetuma sauti dhaifu kisha anafungua volyumu ya spika mpaka mwisho anakuza kila kelele iliyoingia njiani. Pandisha toleo la intafesi, shusha volyumu ya spika. Haitibu kitanzi, lakini ni bure.

Mgeni_wa_Miksi

Samahani wakuu. Nikiziba pini ya ethi kwenye plagi ya spika kelele inaisha yote. Kwa nini nisiache hivyo?

KapasitaMoto

Usiache hivyo hata kwa siku moja, ndugu. Ethi ipo ili waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma ndani, mkondo mkubwa upite na kukata fyuzi au swichi kuu. Ukiiondoa, bodi inabaki na umeme ikisubiri mkono. Vibaya zaidi, mkondo huo unaweza kupita kwenye wavu wa kebo ya sauti hadi kwenye intafesi na kompyuta yako, na maikrofoni unayoishika.

Kelele kuisha kumekupa habari nzuri: una kitanzi cha ethi. Sasa kikate upande wa sauti, usiguse upande wa umeme. Anza kwa kuchomeka spika, intafesi na kompyuta kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Spika mbili za inchi 5 hazili umeme wa kuielemea. Njia fupi ya ethi kati ya vifaa inapunguza volti inayosukuma mkondo kwenye wavu.

Mgeni_wa_Miksi

Asante sana, nimeelewa. Nimeirudisha.

Wimbi50

Nichukue transfoma na USB.

Transfoma ya kutenganisha inakata kitanzi kabisa, kwa kuwa sauti inavuka kwa sumaku bila waya kuunganishwa. Tafuta ya 10 kΩ kwa 10 kΩ ya kiwango cha laini. Iweke karibu na spika, kebo ya kutoka kwenye transfoma hadi kwenye spika iwe fupi, na ikae mbali na transfoma ya umeme, la sivyo itadaka mvumo mpya. Udhaifu wa zile ndogo za bei rahisi ni besi: kiini cha chuma kinashiba (kinafika mwisho wa uwezo wake wa sumaku) masafa yakishuka na kiwango kikipanda. Pima kwa kupiga toni safi ya 30 Hz kwa kiwango unachotumia kazini. Ukisikia milio ya juu yake iliyoongezeka, kiini kimeshiba. Kwa monita za kuchanganyia hilo silikubali, maana utasahihisha besi ambayo haina kosa.

Usitumie DI ya kawaida (kiboksi cha kuunganisha ala kwenye mikisa) badala yake. Hiyo hushusha sauti hadi kiwango cha maikrofoni.

Kitenganishi cha USB kinafaa kwa dalili moja iliyo wazi: mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au diski ikifanya kazi. Hapo kelele inatoka kwenye ethi ya kompyuta. Lakini soma kasi yake kabla ya kununua. Vitenganishi vingi vya bei nafuu, vikiwemo vya chipu ya ADuM4160, vinaishia 12 Mb/s. Sauti ya stereo ya biti 24 na 48 kHz kwenda na kurudi ni kama 4.6 Mb/s, kwa hiyo kihesabu inatosha. Tatizo ni kwamba intafesi nyingi za USB 2.0 zimetengenezwa kwa 480 Mb/s na hazikubali kushuka, zitagoma kutambulika. Angalia pia mkondo: intafesi inayotaka 500 mA haitawaka kwenye kitenganishi kinachotoa 200.

Kisafisha umeme nakipa nafasi ya mwisho. Kinachuja masafa ya juu kutoka kwenye umeme, lakini waya wa ethi unapita humo kama kawaida, kitanzi kinabaki kilekile.

KapasitaMoto

Narudi kwa spika inayovuma bila kebo yoyote. Kwanza weka sikio. Mvumo ukitoka kwenye koni, ni umeme. Ukitoka kwenye boksi lenyewe na volyumu haiubadilishi, ni transfoma inayotetemeka: boliti imelegea, au umeme wa nyumba una DC kidogo, jambo ambalo transfoma za duara hazilivumilii. Kaza boliti kwa kiasi, ila usiruhusu ncha zake zote mbili ziguse chuma cha boksi. Utakuwa umetengeneza mzunguko mmoja uliofungwa kupitia katikati ya transfoma, na itaungua.

Mvumo wa koni wa 100 Hz, hasa kwenye spika ya zamani yenye transfoma, mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja zilizokauka. Chomoa umeme, subiri, kisha toa chaji iliyobaki kwa rezista ya 1 kΩ ya wati 5 na uhakikishe kwa mita. Spika zenye saketi ya swichi mode (ugavi wa umeme usio na transfoma kubwa) ni hatari zaidi: kwenye umeme wa 230 V kapasita kuu hubeba kama volti 325. Asiyezoea ampe fundi.

Weka thamani ileile ya µF, volti zilezile au zaidi, daraja la 105 °C, na pima kipenyo na nafasi ya miguu kabla ya kuagiza. Badilisha zote mbili za pande chanya na hasi kwa pamoja. Angalia na gundi ya kahawia iliyomwagwa kiwandani kati ya vipuri. Ikizeeka inapitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue yote hadi bodi ya saketi ionekane.

Pini3

Niongeze vyanzo vinavyosahaulika. Mlio wa kukwaruza unaobadilika ukizungusha dima ya taa: tatizo ni dima, ibadilishe. "Trr-trr" ya ghafla ni simu ya GSM inayorusha mawimbi mara 217 kwa sekunde. Sogeza simu, kisha funga feraiti (pete ya kuzuia masafa ya redio) kwenye kebo karibu na spika. Na kama kebo za sauti ni ndefu, zisilale sambamba na waya wa umeme. Zitenganishe kwa sentimita 30, zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba.