Mipira ya haidroliki inakataa kuingia

Swali, kutoka Mafinga: Ndugu mafundi, kekee ya kuchimbia mashimo ikikaa juani, mipira yake ya kupitisha mafuta hukataa kuingia tena kwenye kapla (viungio vya mipira) za loda yetu ndogo. Je, tunaweza kuigonga?

Jibu, Makambako: Usigonge, ndugu yangu. Mafuta yaliyofungiwa hutanuka kwa joto na kuongeza presha, kwa hiyo kekee ipoe kwanza kivulini. Siku nyingine, kabla ya kufungua, ilaze chini, funga breki, zima injini, kisha utoe presha ya mipira kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Futa vumbi kwenye kapla.

Jibu, Mbalizi: Naongeza kwamba mkifunga kekee, pini zinazoishikilia kwenye loda lazima zionekane zimepenya matundu ya chini, kwani mkao wa wenzo wa kuzifungia pekee hautoshi. Uvujaji utafuteni kwa kadibodi, kamwe si kwa kiganja, maana mafuta yenye presha hutoboa ngozi, na aliyetobolewa apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.

Muuliza swali: Asanteni sana. Tunaihamishia kivulini sasa hivi.