Bima imekataa kulipia mwasho wa mbwa: nani amewahi kukata rufaa?

Kutoka: Mama Neema, Leicester

Ndugu zangu, habari za wikendi. Naomba msaada wa wenye mbwa, na naomba haraka.

Popi wetu ni mbwa aina ya Westie, wale wadogo weupe, ana miaka minne. Tangu baridi ilipopungua amekuwa akijikuna mchana na usiku. Makwapa na sehemu za ndani ya mapaja zimekuwa nyekundu, na nyayo anazilamba mpaka manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu kwa mate. Daktari kasema ni atopi, yaani aleji ya ngozi, akaanza na vidonge vya Apoquel, sasa anataka tujaribu sindano ya Cytopoint kila mwezi. Nikatuma madai kwa bima.

Leo nimepata barua. Hawalipi chochote, wanasema ni maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima kuanza. Ushahidi wao ni mstari mmoja kwenye faili la kliniki yake ya kwanza, siku alipopelekwa chanjo akiwa mdogo: sikio la kushoto jekundu kidogo, mwenye mbwa anasema hujikuna. Siku hiyo ilikuwa ndani ya zile siku 14 za kusubiri mwanzoni, ambazo bima hailipii ugonjwa. Sikio lilipona lenyewe, na toka hapo hakuna neno lingine la ngozi kwenye faili mpaka mwaka huu. Bima yetu ni ile inayolipia ugonjwa kwa maisha yote ya mbwa, na nimeilipia bila kukosa mwezi hata mmoja.

Swali langu ni moja tu. Kuna yeyote humu aliyepeleka kesi ya mwasho FOS (wasuluhishi wa malalamiko ya bima na benki) akashinda? Aliambatanisha karatasi gani?

---

Kutoka: Mwakio, Reading

Pole sana dada. Hao watu wa bima ni walewale. Mimi yangu walilipa mwaka wa kwanza vizuri, mwaka wa pili ngozi ikaondolewa kwenye orodha, kumbe yangu ilikuwa ya miezi 12 kwa kila ugonjwa. Nikataka kuhamia kampuni nyingine, wakasema mwasho sasa ni wa zamani, hawaugusi. Ukishaumwa umeshafungwa hapo ulipo.

Ushauri wangu: achana na hizo dawa za kemikali, tatizo ni chakula. Mtoe kwenye nafaka kabisa. Wa kwangu nilimpa biskuti zisizo na ngano na kipimo cha mate kilichoagizwa mtandaoni kikatuonyesha vitu vingi vya kuepuka. Amepata nafuu kubwa.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton

> achana na hizo dawa za kemikali, tatizo ni chakula

Mwakio, hapo umenoa, na siwezi kunyamaza kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, mimi ni nesi wa wanyama. Vipimo vya mate na vya nywele havitambui aleji ya chakula. Hata kipimo cha damu hakitoshi kwa chakula. Njia ni moja: mbwa anakula chakula maalumu chenye protini iliyovunjwavunjwa, au protini ambayo hajawahi kuila maishani, kwa wiki nane kwa uchache, bila kitu kingine chochote. Hakuna kipande cha mkate chini ya meza, hakuna kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama. Akipona, unamrudishia chakula cha zamani uone kama mwasho unarudi. Bila kumrudishia hujathibitisha kitu. Halafu nafaka mnazionea bure: vinavyoleta aleji ya chakula mara nyingi ni nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku.

Mama Neema, Westie ni katika mbwa wanaojulikana sana kwa atopi, na mara nyingi huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu. Kwa hiyo bima watasema sikio lile ndilo lilikuwa mwanzo wake, maana atopi huingia masikioni pia. Wewe unatakiwa daktari wako aandike kama anaona sikio la siku ile na ngozi ya sasa ni ugonjwa mmoja au la. Omba nakala ya faili zima kutoka kliniki zote mbili, si muhtasari.

Na kabla ya Cytopoint, je, wamemaliza mambo ya viroboto? Weka karatasi nyeupe chini yake, mchane manyoya ya kiunoni karibu na mkia, halafu mwagia maji zile chembe nyeusi zinazoanguka. Zikitoa wekundu, hiyo ni damu, yaani kinyesi cha kiroboto. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto hahitaji kundi zima, wachache tu wanamtesa, na nyumba zenye hita viroboto hawajui baridi.

---

Kutoka: Mwakio, Reading

Nesi, heshima yako ipo, lakini mbwa wangu amepona na mimi ndiye ninayeishi naye. Nyinyi wa kliniki kila kitu sindano. CMA wenyewe, mamlaka ya ushindani wa biashara, walianza kuwachunguza Septemba 2023, na Mei 2024 ukawa uchunguzi rasmi, kwa sababu ya bei na jinsi makampuni makubwa yalivyonunua kliniki za mitaani. Kliniki yetu ilinunuliwa, ubao wa mlangoni ukabaki jina lilelile, bei ikabadilika. Kwa nini watu wasitafute njia zao?

---

Kutoka: Wanjiru, Luton

Kuhusu bei hatubishani. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku: dawa hizi ni POM-V, yaani hazitolewi bila daktari wa wanyama kuziandika, lakini si lazima mzinunue kaunta ya kliniki. Omba daktari akuandikie cheti cha dawa. Watakutoza ada ya cheti, lakini hawaruhusiwi kukukatalia, na vidonge vya kila mwezi kwenye duka la dawa la mtandaoni lenye kibali vinaweza kushuka bei sana. Kwa dawa ya kudumu kama Apoquel hesabu inalipa. Cytopoint ni sindano, hiyo utairudia kliniki.

Na shampuu isidharauliwe. Ngozi iliyokunwa muda mrefu hushikwa na bakteria na fangasi wa Malassezia, ile harufu nzito inayoshika mpaka kochi. Hapo hata dawa ya aleji haifanyi kazi vizuri mpaka uondoe hao kwanza. Shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli ipakwe, ikae dakika 10 kwa saa, ndipo usuuze. Watu wanapaka na kusuuza papo hapo, halafu wanasema haifai.

---

Kutoka: Bi Rehema, Milton Keynes

Assalamu alaykum wote. Mwanangu Mama Neema, pole, mnyama akiumwa hana ulimi wa kusema.

Mimi sina mbwa, lakini nyumba ya mwanangu wa kike wamo, mjukuu wangu haoni vizuri na amepewa mbwa wa kumwongoza. Sisi kwetu Unguja tumelelewa kishafii, mate ya mbwa ni najisi na kuosha ni mara saba, moja kwa udongo. Nilipata taabu mwanzo. Lakini naona namna mtoto anavyotembea sasa barabarani bila kushikwa mkono, namshukuru Mungu. Huyo mbwa naye aliwashwa tumbo mwaka jana. Wakasema utitiri wa vumbi, wakaagiza shuka na kitanda chake vifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Alitulia.

---

Kutoka: Shaaban, Coventry

Bi Rehema, shikamoo. Wamaliki wanasema mbwa ni tohara, kwa hiyo mama asiingizwe hofu.

---

Kutoka: Bi Rehema, Milton Keynes

Marahaba. Sikumtia mtu hofu, baba. Nimesema nilivyolelewa. Na kila Mwislamu anajua habari ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Tusifundishane hapa.

---

Kutoka: Mzee Kombo, Sheffield

Mmenikumbusha Tanga. Mbwa wetu wa shamba hakuna aliyemwita Westie wala nini, alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, masikio yamesimama. Alikula ugali na mabaki ya dagaa, akalala chini ya mwembe, na mgeni hakupita bila kubwekewa. Sikumbuki hata mmoja aliyepewa kidonge cha aleji. Akipata upele, baba alimpaka oili chafu ya trekta, mwisho wa habari. Hawa wa huku wamefungiwa ndani na mazulia, ndiyo maana wanaumwa.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton

Mzee wangu, shikamoo. Naomba kwa heshima mtu yeyote asimpake mbwa oili. Anailamba, na oili iliyotumika ina madini yenye sumu, ngozi inaungua juu ya upele. Nimeona mbwa walioletwa namna hiyo nikiwa mwanafunzi Kabete, Kenya. Walikufa wengi ambao hatukuwahesabu, tukasema mbwa wa kienyeji hawaumwi.

Ule upele wa utitiri wa sarkopti hata huku upo, mbweha wanauacha kwenye bustani zetu. Unawasha kuliko atopi, hasa ncha za masikio na viwiko, na mwenye nyumba anaweza kupata vipele mikononi na kiunoni. Una dawa nzuri kabisa. Na wenye paka: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini inaua paka. Ukishampaka mbwa, msimlaze na paka kitanda kimoja.

---

Kutoka: Mzee Kombo, Sheffield

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Lakini lawama usiwape wazazi wetu peke yao. Daktari wa mifugo alikuwa wa ng'ombe, na josho lilikuwa la ng'ombe. Serikali ilimjua mbwa siku ya kumpiga risasi tu. Kule Serengeti walianza kuchukua chanjo za mbwa kwa uzito baada ya distempa, ugonjwa wa virusi vya mbwa, mwaka 1994 kuua karibu theluthi ya simba. Ilibidi simba wafe. Kichaa cha mbwa kinaua watoto wa vijijini mpaka leo, wakati kila mtaalamu anajua kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakatika. Hiyo si sayansi ngumu, ni bajeti. Na sisi tunaotuma pesa kila mwezi hata kura hatuna, uraia pacha tumenyimwa.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton

Kenya tunao tangu katiba ya 2010, mzee, na mbwa bado hawachanjwi inavyotakiwa. Pasipoti mbili hazijaleta chanjo.

---

Kutoka: Mama Neema, Leicester

Asanteni wote. Nimeomba mafaili. Karatasi nyeupe imebaki kavu na safi, hakuna viroboto. Popi leo amelala saa kadhaa bila kujilamba, ni kidonge. Fedha ndiyo inanitisha, kwa sababu dawa hizi ni za maisha. Narudia kuuliza: nani amefika FOS?

---

Kutoka: Mwakio, Reading

Sijafika mimi, ila utaratibu naujua. Kwanza malalamiko rasmi kwa bima wenyewe. Wakikupa jibu la mwisho, au zikipita wiki nane bila jibu hilo, unapeleka FOS, bure. Una miezi sita tangu tarehe ya jibu la mwisho, usiipitishe. Maamuzi ya FOS yamewekwa wazi kwenye tovuti yao, tafuta yanayohusu ngozi za mbwa usome walivyoamua. Na kama unapata UC (msaada wa serikali wa Universal Credit), angalia PDSA, shirika la hisani la matibabu ya wanyama, wanatazama postikodi na aina ya msaada unaopata.

---

Kutoka: Shaaban, Coventry

Samahani naingilia. Mama yangu Mombasa amezeeka, tunamleta huku, na hataki kumwacha mbwa wake. Anaweza kupanda naye ndege? Nesi Wanjiru, au yeyote.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton

Kwenye kiti, hapana. Akija Uingereza kwa ndege anasafirishwa kama mzigo, na Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zilizorahisishiwa. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, halafu chanjo ya kichaa, usubiri siku 30 zipite, damu ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na kinga ya kichaa ifike 0.5 IU kwa mililita, kisha miezi mitatu toka siku damu ilipotolewa. Dawa ya minyoo ya tegu kwa daktari, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kutua. Cheti cha afya cha GB, yaani cha kuingilia Uingereza, juu yake. Na mama asipishane naye kwa zaidi ya siku tano, vinginevyo wanamhesabu kama mbwa wa biashara. Anza leo kama mnataka afike kabla ya baridi. Ana miaka mingapi huyo mbwa?

---

Kutoka: Shaaban, Coventry

Hajui mtu. Alimwokota sokoni Kongowea. Na sasa nimekumbuka, naye anajikuna masikio. Hilo litaandikwa kwenye cheti?