Lewiston, Maine: asilimia 86 wazungu. Tuhamie?

Mama Zawadi (Houston):

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Shikamooni wakubwa.

Mume wangu amepata kazi Lewiston, jimbo la Maine, na wanamtaka kabla shule hazijafunguliwa. Nimekaa usiku kucha nasoma takwimu za mji huo: watu 36,592, wazungu asilimia 86.6, weusi 8.7, Waasia 1. Maine nzima ndiyo usiseme. Sisi tumezoea Houston, ukitoka mlangoni unakutana na dunia yote.

Nina watoto watatu, wa kati ana miaka tisa na ni mwoga wa watu wapya. Nisichotaka ni akae darasani peke yake kama nzi kwenye maziwa. Na hao asilimia 8.7 ni akina nani hasa? Waswahili wapo? Aliyeko huko aniambie kweli, hata kama ni chungu.

Baba Mwanaidi (Lewiston):

Marahaba, Mama Zawadi, na karibu. Ila hizo takwimu zako zimechacha. Ni za sensa ya 2010. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121, na sura ya mji si ile tena. Angalia kasi yenyewe: mwaka 2000 wazungu walikuwa karibu asilimia 96 na weusi 1 tu. Wasomali wakaanza kuingia 2001, wengi wakitokea miji mingine ya Marekani walikopelekwa kwanza, wakitafuta kodi nafuu na shule tulivu. Ndani ya miaka tisa weusi wakatoka mmoja katika kila mia hadi karibu tisa. Kwa hiyo ukisoma jedwali la mji kama huu, tazama kwanza mwaka wake, asilimia baadaye.

Sasa hao "weusi". Kwenye fomu ni kisanduku kimoja. Mtaani ni Wasomali, Wabantu wa Somalia, Wakongo, Waangola, Wadjibouti, Warwanda, na Wamarekani weusi wenyewe. Hawasali pamoja, hawali chakula kimoja, na wengine walikotoka hawakuwa wanasalimiana.

Nikupe kisa. Mwaka wangu wa kwanza hapa niko dobi ya sarafu Jumapili, nakunja shuka. Nyuma yangu bibi mmoja kajitanda, anamgombeza mjukuu aliyepanda juu ya mashine. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Nikasikia maneno yale yakaniingia moja kwa moja, nisijue kwa nini. Nikageuka. Bibi anasema Kizigua! Si cha Handeni hasa, kina vumbi la mahali pengine, lakini Kizigua. Nikamwamkia kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Tukasimama pale hadi nguo zangu zikapoa. Aliniuliza, "Tanga bado ipo?"

Wasiojua: karne ya 19 njaa ilipoipiga Uzigua, watu waliuzwa na kupakiwa majahazini hadi pwani ya Benadir, Somalia, wakalimishwa mashamba ya mto Shabelle. Waliotoroka wakaweka makazi bonde la Juba, na lugha yao wakaishika. Hao ni miongoni mwa Wabantu wa Somalia niliowataja. Vita vya 1991 vikawatimua hadi Kenya, wengine wakarudi Tanga kule kule walikotoka mababu. Marekani ilipokubali kuwapokea, zaidi ya 12,000 walikuja kupitia Kakuma, na baadhi ndio majirani zangu. Kwenye sensa yule bibi ni "mweusi", nchi aliyozaliwa Somalia. Mimi kwangu ni mtani.

Mama Furaha (Lewiston):

Jambo Mama Zawadi. Mie niko Mkongo wa Uvira, hapa nina miaka sita. Baba Mwanaidi amekueleza weusi, acha mie nikueleze wazungu, sababu hao nao si kitu kimoja.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. (Kazi hizo ziko nyingi, Maine ndilo jimbo lenye asilimia kubwa ya wazee kupita yote.) Kulikuwa na mama mmoja, miaka tisini na kitu, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla Kiingereza chote. Analia usiku, wenzangu wanasema anapayuka tu. Siku ya kwanza napangwa naye nikasikia: Kifaransa! Lakini cha namna yake, mwanzo sikukishika. Anauliza "char" yake iko wapi. Mie Kifaransa nilichosoma Uvira, "char" ni kifaru cha vita. Kumbe ni gari. Usiku mzima mama alikuwa anatafuta gari la mume wake.

Ndipo nikajifunza. Hao wazungu wengi wa Lewiston ni wajukuu wa Wakanada wa Quebec, walishuka na reli mwaka 1874 na baada yake, wakaja kufanya kazi viwanda vya pamba kando ya mto Androscoggin. Walikuwa na mtaa wao, Little Canada, na gazeti lao, Le Messager. Wazungu wa hapa wenye asili ya Uingereza hawakuwapenda: Wakatoliki, maskini, wanazaa sana, hawataki kusema Kiingereza. Mwaka 1919 jimbo likaweka sheria shule zifundishe kwa Kiingereza tu. Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, miaka ya 1920 hapa Maine liliwaandama wao. Leo wote ni "mzungu" mmoja katika asilimia yako. Binti wa yule mama, mwenyewe sasa ni bibi, hajui Kifaransa hata neno. Alikuwa ananiomba mie nimtafsirie mama yake.

Kuhusu mtoto: darasa la binti yangu, shule ya katikati ya mji, watoto weusi wapita nusu. Ukienda pembeni ya mji, au kuvuka daraja hadi Auburn, unaweza kukuta wawili.

Baba Otieno (Minneapolis):

Hamjambo. Mama Furaha kagusa penyewe: asilimia ya mji mzima haikwambii kitu kuhusu barabara utakayokaa. Tafuta takwimu za vitongoji vya sensa. Halafu acha jedwali la rangi, fungua la lugha inayosemwa nyumbani na la mahali pa kuzaliwa. Hayo hayatoki kwenye sensa ya kila miaka kumi bali kwenye uchunguzi wanaoufanya kila mwaka kwa sampuli. Kwa mji ulio chini ya watu 65,000 majedwali kamili huwa ya wastani wa miaka mitano, kwa hiyo waliofika mwaka jana wamezamishwa humo. Na Kiswahili hakina mstari wake, kimefungwa fungu moja na lugha nyingine za Afrika ya kati, mashariki na kusini. Dini hawaulizi kabisa.

Baba Mwanaidi, mbona ukweli mchungu hukumpa?

Baba Mwanaidi:

Nilikuwa nakuja. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wawaambie jamaa zao wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaitisha mkutano hapa, wakaja watu wa kuhesabika, na siku hiyo hiyo maelfu wakakusanyika chuo cha Bates kuwapinga. 2006 mtu akatupa kichwa cha nguruwe msikitini. 2015 vijana wa sekondari, wengi watoto wa wakimbizi, wakachukua ubingwa wa soka wa jimbo, mji mzima ukashangilia. Vyote ni Lewiston. Mimi mwenyewe nimepigiwa kelele "rudi kwenu" mara mbili. Mara ya pili jirani yangu mzee akatoka na koleo la theluji mkononi akamjibu kwa niaba yangu, maneno siwezi kuyaandika hapa.

Rangi ya kuogopa zaidi huku ni ya ukutani. Nyumba za Tree Streets, katikati ya mji, ni magorofa ya mbao ya zamani. Rangi ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huweza kuwa na madini ya risasi, na watoto wadogo wanaokota maganda yake dirishani wanatia mdomoni. Mwenye nyumba analazimika kukuambia anachokijua kabla hujasaini. Muulize, na mtoto wako mdogo apimwe damu.

Mama Zawadi:

Nimecheka na nimelia. Asanteni mno.

Swali moja limebaki. Fomu ya shule inauliza asili ya mtoto. Mimi Mha wa Kigoma, mume wangu Mzanzibari, babu zake Waarabu wa Oman. Niweke tiki wapi?

Baba Otieno:

Kwa ufafanuzi wa zamani wa serikali, Mwarabu ni mzungu. Kwa hiyo shemeji kihesabu ni mzungu, na akihamia Lewiston anaongeza ile asilimia uliyoiogopa! Machi 2024 walitangaza fungu jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, lakini fomu nyingi bado hazijabadilishwa. Kwenye sensa tangu 2000, na siku hizi hata fomu ya shule, unaruhusiwa kuweka tiki zaidi ya moja.

Mama Zawadi:

Nimemwambia. Anasema sasa apewe chai kitandani.

Mama Furaha:

Mkija, unga wa muhogo uko Lisbon Street. Ndizi za kupika zinaisha Jumamosi mapema, nitawawekea.