Langoni (mtaa wa Lamu), walimu na wazazi: shule zinafungua Jumatatu

Mwl. Baraka: Habari za jioni majirani. Jumatatu naanza na Gredi 3, watoto 46. Azimio langu la kazi la Hisabati, yaani mpango wa mada za muhula, limejaa wiki ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna pa kupumulia. Walimu wazoefu wa hapa Lamu, nilegeze wapi?

Maalim Athman: Karibu mwalimu. Legeza azimio, usilegeze desturi za darasa. Daftari zinakaa wapi, nani agawe vitabu, kengele ikilia tunaanza na nini: hayo yasiguswe muhula mzima. Mtoto akiyashika, unaweza kubadilisha somo katikati na darasa lisivurugike.

Maalim Athman: Kwenye azimio, kila baada ya wiki tatu acha moja isiyo na mada mpya.

Mwl. Baraka: Mwalimu mkuu akikagua ataona pengo.

Bi Zuhura: Haliwi pengo ukiandika "marudio na upimaji", maana ndiyo kazi utakayoifanya. Na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, usiandike zaidi ya siku tatu mbele. Ukiandika la wiki nzima Jumapili, Jumatano utafundisha karatasi, watoto umewaacha nyuma.

Mwl. Fatma: Wiki ya kwanza usiguse mada mpya kabisa. Wengine bado hawajarudi kutoka Mombasa na Malindi, utalazimika kuirudia. Pima. Kila mtoto dakika 3: asome maneno 5, kisha aya fupi ya sentensi nne, kisha afanye 42 kutoa 17. Wapime 12 kwa siku, ni dakika 36, siku nne umewamaliza. Wengine wape kazi ya kuchora na kuandika wawiliwawili.

Mwl. Baraka: Na nikishapima?

Mwl. Fatma: Makundi matatu ya kusoma: wa herufi, wa maneno, wa aya. Usiyape majina ya kuwatia haya. Wapime tena kila baada ya wiki tatu na uwahamishe. Kundi lisilohama hadi Aprili linageuka kifungo.

Bi Zuhura: Hapo ongeza jambo la Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, maana mwalimu wa bara hukosea hapa bila kujua. Mtoto akiona "njia" akasoma "ndia", AMESOMA. Ametambua neno na maana yake, ila kalitamka kama nyumbani. Usimshushe kwenye kundi la herufi. Vivyo hivyo macho/mato, jana/yana, kuja/kuya. Anayeona "baba" akasema "dada", huyo ndiye hajatofautisha herufi.

Bi Zuhura: Ubandike karatasi ya manila yenye safu mbili, "nyumbani" na "kitabuni". Anza na njoo, maana kwetu ni "ndoo", na ndoo ya kitabuni ni ya maji. Watoto hucheka wakaikumbuka. Kiamu ni lugha kamili, asisikie kwamba anaongea vibaya. Anachojifunza ni lipi la kuandika.

Mwl. Baraka: Hilo sikulijua hata kidogo. Ahsante sana Bi.

Mwl. Baraka: Na wakishindwa na 42 kutoa 17?

Mwl. Fatma: Tumia chelewa, yaani njiti za mnazi. Chukua ufagio wake, njiti uzikate urefu wa kidole. Kila kundi la watoto watano lipate vifungu 10 vya njiti kumi kumi, na njiti 10 zisizofungwa. Vifunge kwa mpira mwembamba wa kuvutika, si kwa uzi. Wengi hukosea hapa: uzi haufunguki upesi, mtoto anahesabu njiti moja moja na hiyo kumi haioni. Kwa mpira anaweka vifungu 4 na njiti 2, anafungua kifungu kimoja, sasa ana vifungu 3 na njiti 12. Anaondoa 7, anaondoa kifungu kimoja, zinabaki 25. Akishafanya mara tano kwa mkono ndipo aandike.

Maalim Athman: Ila kipindi ni dakika 30. Ugawaji na ukusanyaji wa njiti hula 8 au 10. Panga mafunzo ya dakika 20 tu, vifaa viwe mezani kabla ya kengele.

Mama Swaleh: Walimu, samahani naingilia. Wanaovuka kutoka kisiwa cha Manda hawafiki kwa saa ya kengele upepo wa kaskazi ukivuma. Wanakuta somo limeanza, wanakaa kimya tu.

Maalim Athman: Kweli kabisa mama. Mwl. Baraka, robo saa ya kwanza ya asubuhi iwe ya marudio ambayo mtoto anaweza kuyaingia wakati wowote: maneno matano ya jana, hesabu tatu ubaoni. Hapo usianze mada mpya.

Mama Swaleh: Na kazi ya nyumbani jamani. Baada ya alasiri wako chuoni (madrasa), wanarudi jioni wamechoka.

Bi Zuhura: Dakika 15, zisizidi. Na isihitaji simu wala intaneti.

Mwl. Fatma: Baraka, usisahau Ramadhani. Miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, na kila mwaka inatangulia siku 10 au 11. Kutoa kwa kufungua makumi kuishe kabla haijaingia. Ikiingia, Hisabati iwe kipindi cha kwanza, wa Gredi 3 wapo wanaofunga japo nusu siku. Michezo iwe kivulini, bila mbio.

Mwl. Baraka: Na siku mwenzangu hayupo, madarasa yakaunganishwa?

Maalim Athman: Watoto 90 ubao hausomeki nyuma. Weka bahasha ya masomo matatu yasiyohitaji ubao, moja la Kiswahili, moja la Hisabati, moja la Mazingira, kila moja kwenye karatasi moja. Ukitumia moja, andika jingine siku hiyohiyo. Bahasha tupu ndiyo inayomfanya mtu awanyamazishe watoto hadi kengele.

Mwl. Baraka: Nimeandika yote. Chelewa nanunua wapi?

Mama Swaleh: Usinunue mwanangu. Ufagio mkuukuu uko hapa uani, kesho baada ya dhuhuri Swaleh atakuletea. Mipira ndiyo sina.

Mwl. Fatma: Mipira ninayo pakiti moja. Inakatika, kwa hiyo weka ya akiba 20.