AMECHOMOA WAYA WA GITAA LANGU NIKIWA UBETI WA TATU!!!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, gitaa bado liko begani, mikono inatetemeka. Yule jamaa anayeendesha jioni za wasanii chipukizi mnamjua. Yule yule wa kofia, anayejitambulisha dakika 20 halafu anawaambia nyie mna nyimbo mbili mbili. Leo amenichomolea waya. NIKIWA NAIMBA.

Ukumbi wenyewe mdogo, wa nyuma akipiga chafya wa mbele anafuta shingo. Watu wametulia kimya, jambo ambalo pale halijatokea tangu dunia iumbwe. Wimbo ni wa bibi yangu. Nimeuandika miezi 8, ubeti wa tatu peke yake nimeufuta mara 11. Nimefumba macho, bibi ndiyo kwanza anafika mlangoni, nasikia PAAAH kwenye spika! Kufumbua macho, huyo hapo, waya wangu mkononi, anauchomeka kwenye gitaa LAKE.

Hata kumwambia fundi mitambo ashushe sauti kwanza hakuona haja! Ukichomoa waya chaneli ikiwa wazi spika zinapiga kishindo, hilo hata mtoto anajua. Mzee wa meza ya mbele alishika kifua. Mimi nilikuwa kwenye neno "mlango". "Mla" imetoka, "ngo" iko kooni mpaka muda huu.

Akasema nini? "Tuendelee, muda." Muda! Yeye akapiga nyimbo 5. Uzi ukamkatika katikati, ukumbi mzima ukamsubiri afunge mwingine, na hakuna aliyemchomoa.

Narudia: ALICHOMOA WAYA. Bibi yangu bado kasimama mlangoni.

Nyuzi Sita: Pole mkuu. Ila ukweli usemwe, wimbo una dakika ngapi?

Mleta uzi: 6. Bibi aliishi miaka 91!

Kiti cha Nyuma: Nilikuwepo. Nilijua ndiyo mwisho wa wimbo, nikapiga makofi.

Mleta uzi: KUMBE NI WEWE!

Msikilizaji Mkongwe: Hayo hayakuanza leo. Tamasha la Newport kule Marekani, 1965, mwimbaji Bob Dylan alipopanda na gitaa la umeme, mwimbaji mwenzake Pete Seeger alisema angekuwa na shoka angeukata waya. Sauti ilikuwa inakwaruza, maneno hayasikiki.

Mleta uzi: Seeger alisema tu! Huyu amechomoa! Na maneno yangu yalikuwa yanasikika!

Kiti cha Nyuma: Yalisikika mpaka "mla". Nikajua bibi kaliwa.

Kapo Mkononi: Waya ni jambo dogo. Tuwaseme wanaotuni jukwaani. Mtu anafunga nyuzi mpya akiwa mlangoni, hazijavutika, kila mistari miwili zinalegea, anasimama kuzungusha vifungo huku anatusimulia utoto wake.

Sauti ya Tatu: Afadhali huyo ana sababu. Kuna wanaousimulia wimbo mzima kabla ya kuuimba. Simulizi dakika 9, wimbo 3. Sasa unaimba nini tena?

Nyuzi Sita: Na meza za nyuma je? Kule Nashville, Marekani, kuna Bluebird Cafe, ipo tangu 1982, ukumbi mdogo tu, ukiongea wakati mtu anaimba unanyamazishwa. Huku anayesikiliza ndiye anayeambiwa asogee watu wapige stori.

Mleta uzi: Jamani, mada ni waya.

Kapo Mkononi: Kabla sijasahau, nani kaondoka na kapo yangu leo, kile kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi? Nyeusi, niliiacha juu ya spika.

Kiti cha Nyuma: Yenye mkwaruzo ubavuni? Nilidhani ya ukumbi. Nitakuletea wiki ijayo.

Kapo Mkononi: Ulidhani! Nimepiga nyimbo zote mbili kwa ufunguo wa sauti ya mtu mwingine, koo limenikauka!

Sauti ya Tatu: Wiki ijayo majina yanaandikwa saa ngapi?

Mleta uzi: Alichomoa. Waya. Wangu.

Nyuzi Sita: Wahi mapema. Saa 12 orodha inakuwa imeshajaa.