Kukata mwembe kipupwe hiki: fundi wa chenso anasema sasa, mimi nasita

Mama Kinyerezi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua miti, maana humu kuna watu wa kila fani.

Nina kiwanja Kinyerezi, si kikubwa. Nilikinunua kikiwa na miti mitatu na sikutaka kung'oa hata mmoja. Mwembe dodo uko nyuma karibu na ukuta, mkungu uko mbele getini, mfenesi uko pembeni ya choo cha nje. Mwembe ndio wenye kesi. Matawi yake yamevuka ukuta na kulala juu ya bati la jirani, na tangu kusi likaze mwezi huu wa sita yanakwangua bati usiku kucha. Jirani ni mtu mzima, tunaheshimiana. Juzi alinisimamisha akaniambia, "Mama, mti wako hauniachi nilale." Ningemjibu nini?

Nikamwita kijana mmoja wa chenso aje kuangalia. Anasema kipupwe ndio msimu wa kukata, eti baridi ikiingia miti inalala na haisikii kitu. Anataka kuondoa kichwa chote, abakize shina na matawi makubwa mawili. Pesa nimpe nusu tu, nusu nyingine atajilipa kwa kuchukua kuni. Mwanangu naye kanionyesha video ya mzungu anakata mti usio na jani hata moja, theluji imetanda chini, na maneno ni yale yale: kateni wakati wa baridi.

Sasa mimi nikiutazama mwembe wangu huo usingizi siuoni. Majani yamejaa mpaka chini yake mchana ni giza. Halafu huo dodo unalisha ukoo mzima kuanzia Novemba. Mawifi zangu huanza kunipigia simu za kunijulia hali Oktoba, na najua wanachokijulia hali.

Nikate sasa au nisubiri? Na hiyo miwili mingine je? Mkungu unajaza majani mekundu kwenye gata, na popo wananidondoshea kungu juu ya bati usiku.

Kijana wa Ubungo

Kata tu mama. Mti utaota tena, jirani akishanuna kumrudisha ni kazi.

Fundi wa Matawi

Dada, huyo hapo juu mwache. Na kijana wa chenso mpe chai, mshukuru, aende zake kwanza.

Mimi kukata miti ndiyo riziki yangu hapa mjini. Nimepanda ya Upanga, Oysterbay, Msasani, mpaka huko kwenu Kinyerezi na Segerea. Nianze na hilo la usingizi, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kwenye nchi za baridi kali kuna miti inayopukutisha majani yote na kukaa miezi bila kukua, kama miti ya tufaha. Hiyo kweli imelala, na ukiikata hapo, joto likirudi inachipua kwa nguvu. Yule mzungu hakukosea, anasema ya kwao. Hapa Dar kipupwe kikikaza sana, usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi. Sisi tunatafuta masweta, mwembe unatafuta maua. Ule ubaridi kidogo pamoja na ukavu unaokuja masika yakishakwisha ndivyo vinavyouamsha. Kwa hiyo kijana anataka kuukata wakati ambao uko macho kuliko mwaka mzima.

Maua ya mwembe hutoka kwenye ncha za matawi. Si shinani, si katikati ya tawi, ni ncha. Na si kila ncha, ni ile iliyokomaa. Chukua ngazi kesho asubuhi uangalie kwa macho yako. Vuta tawi moja, likunje jani la mwisho. Likiwa gumu, kijani kibichi cha kuiva, likavunjika na kutoa mlio, ncha hiyo imekomaa. Tazama kichipukizi chenyewe pale mwisho: kikiwa kimefura na magamba yameanza kuachana, hayo ni maua yanakuja, pengine Sabasaba haitapita. Jani likiwa bado jekundu la shaba na limelegea mkononi, hiyo ni ncha changa, na kwa msimu huu usiitegemee sana.

Sasa kijana akiondoa kichwa, anaondoa ncha zote. Mwembe utajibu, hilo sikatai, lakini utajibu kwa majani. Pale alipokata yatatoka machipukizi yamesongamana kama fagio la chelewa, membamba, marefu, yameshikilia juu juu kwenye gome. Yanahitaji miezi kadhaa ya kukomaa kabla hayajaweza kubeba ua, na yakishanenepa ndiyo yanayovunjika upepo ukija. Huku chini, matawi makubwa yaliyokuwa kivulini miaka yote yanapigwa na jua ghafla, gome linaungua, linapasuka, wadudu wanaingia na kuoza kunaanza. Msimu huu hupati embe, na unaofuata bahati nasibu.

Na jingine, dada. Anayelipwa kwa kuni hana sababu ya kukata kidogo. Hata angekuwa mwaminifu kiasi gani, jicho lake linapima magunia ya mkaa. Mlipe pesa yake yote, kuni zibaki zako. Ukitaka kumpa, mpe baada ya kazi.

Cha kufanya sasa kwenye huo mwembe ni kidogo, nacho ni hiki. Tawi linalokwangua bati lishughulikie, lile lile tu, usingoje. Mengine yote ya juu yaache. Ndani ya mti ingia na msumeno wa mkono utoe yaliyokauka, yanayosuguana, na maotea yanayopanda wima kutoka kwenye matawi makubwa, yale yasiyozaa chochote. Hayo hayabebi maua, kwa hiyo hupotezi kitu, na faida yake utaiona mvua za mchoo zikipita Julai na Agosti. Mwembe uliojifunga kama wako ukilowa haukauki mapema, na maua yanayokaa na maji yanapata chule: yanakuwa meusi, yanakauka, yanapukutika na vitoto vya embe. Upepo ukipata pa kupita ndani, yanakauka mapema.

Kazi kubwa, ya kushusha kimo, ni ukishamaliza kuvuna. Januari mwishoni au Februari, kabla masika hayajaingia. Hapo mti una mvua mbele yake na miezi ya kukomaza ncha mpya kabla ya kipupwe kingine. Hata hapo usitoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Mwembe wa kimo hicho shusha kwa misimu miwili au mitatu.

Mkungu ukate, hauna neno. Majani kuwa mekundu na kudondoka ndiyo desturi yake wakati wa ukavu, haumwi. Matawi yake yamepangana ghorofa ghorofa, basi toa ghorofa ya chini nzima inayogusa gata, utoe kuanzia shinani, usiyakate nusu nusu. Popo siwezi kukusaidia, labda matunda yapungue. Mfenesi ndio rahisi kuliko yote: mafenesi yanazalia kwenye shina na matawi manene, kwa hiyo ncha zake ukipunguza hupotezi tunda. Angalia tu usikate vile vishina vifupi vinavyobeba.

Mwana wa Muscat

Fundi kasema kweli. Huku Oman majira ya baridi ni Desemba mpaka Februari, mchana unakaa kibarazani bila shida. Maembe nayo yanatoa maua Januari na Februari, tunakula joto likianza kuchoma. Mzee tunayekaa naye hathubutu kugusa mwembe mpaka embe la mwisho lishuke. Miezi mingine, lakini kanuni ile ile: ubaridi wa nchi yenye joto ni wa maua, panga lipumzike.

Mkulima Mkuranga

Naongeza mawili. Kipupwe adui mwingine ni ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya maua. Sisi wa mikorosho ndio tunaoujua vizuri, ukiingia kwenye maua mapya umekula korosho zako. Mwembe nao unaupata. Tunapulizia salfa ya unga alfajiri, umande ukiwa bado umelowesha majani ili ishike. Kwako mjini na nyumba zimebanana sikushauri kurusha unga hewani, jirani atakuja na kesi ya pili. Nenda duka la pembejeo uombe salfa ya kuchanganya na maji, upulizie upepo ukiwa umetulia, mdomo na macho umefunika.

La pili, mkiona viota vya majani yaliyoshonwa pamoja, ni majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Vijana wa chenso huwa wanavichoma kwanza ili wasiumwe. Msiwaruhusu. Hao wanauma kweli, lakini wanakula na kufukuza wadudu wanaofyonza vikonyo na nzi wanaotoboa matunda. Mikorosho yangu yenye majimoto naipulizia dawa ya wadudu kwa nadra sana.

Mama Kinyerezi

Asanteni sana, fundi Mungu akubariki. Nimepanda ngazi leo asubuhi (mwanangu ameshika chini huku akinicheka). Upande wa mashariki majani mengi ni mekundu na yamelegea. Upande wa ukutani ncha zimefura kabisa, nyingine zinaonyesha kama vipunje. Na tawi linalokwangua bati ndilo lenye ncha nene kuliko yote! Sasa nalikataje jamani? Si nakata embe zenyewe?

Pia, likikatwa linadondokea wapi? Bati la jirani ni geji nyembamba.

Fundi wa Matawi

Usishangae kuona upande huu una majani na ule una maua. Mwembe hufanya hivyo, upande uliobeba sana mwaka jana mara nyingi ndio unaopumzika.

Tawi la bati likate tu. Embe za pale zingeiva juu ya bati, upepo mmoja zinamdondokea jirani usiku, na dodo si dogo. Ila si lazima utoe tawi lote. Lifuate kutoka ncha kurudi nyuma mpaka ukute tawi dogo la pembeni linaloelekea kwako au juu, lenye unene usiopungua theluthi ya hilo unalokata. Kata hapo. Hilo dogo litachukua uongozi, na tawi halitatoa fagio. Ukikata katikati pasipo na pembeni, utarudi humu mwakani na swali hili hili.

Kuhusu kudondoka, ndiyo maana sitaki chenso kwa tawi hilo. Lifungwe kamba pande mbili, kamba moja ipite juu ya panda ya tawi nene la juu yake na mtu aishike chini upande wako. Likatwe vipande vifupi kuanzia nje. Kipande kizito akikate hivi: kwanza kutoka chini kwenda juu, theluthi moja ya unene, futi moja hivi mbele ya mahali unapotaka liishie. Halafu kutoka juu, mbele kidogo ya mkato ule. Litavunjika bila kuchuna gome. Kigutu kinachobaki ndipo anakimalizia karibu na panda, nje tu ya ule uvimbe ambapo gome limejikunja. Uvimbe wenyewe asiuguse, ndio unaofunga kidonda. Wala asipake oili chafu, najua atataka. Kiache kikauke. Kama kuna tawi nene litakalobaki uchi juani, hilo ndilo upake chokaa, upande wa juu.

Utomvu wa mwembe unachoma ngozi, hasa msimu huu umejaa, kwa hiyo mikono mirefu na miwani. Na waya wa umeme unaoingia nyumbani kama unapita karibu na tawi, asipande mtu mpaka TANESCO waje waangalie.

Mama Kinyerezi

Waya uko upande wa mbele, unapita karibu na mkungu, si mwembe. Basi mkungu ungoje TANESCO. Na kijana nimwite yule yule, au nitafute mwingine?

Fundi wa Matawi

Mwite yule yule kama anakubali msumeno wa mkono. Wengi wanajua kazi, hawajapewa maelekezo tu. Kabla hajapanda, chukua chokaa na brashi upake alama kila mahali pa kukata, wewe mwenyewe, halafu mpatane bei ya alama hizo. Pasipo na chokaa hapaguswi, na ukae hapo hapo mpaka ashuke. Februari mkishavuna weka picha hapa, tuuangalie huo urefu.

Mama Kinyerezi

Sawa. Jirani nimemwambia, amekubali: tawi hilo Jumamosi, mengine Februari. Ila ameuliza kama embe zitakazobaki upande wake wa ukuta ni zake. Wifi yangu mkubwa hajasikia bado.